Ngoma Ndani, Mashamba Nje: Safari ya Kijiji cha Wae Rebo

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Wanafunzi wayasome tena pamoja na mwalimu wao, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

Leo nawaomba mwe na ubao na chaki, au kipande cha karatasi na kalamu. Baadaye tutachora kitu, na mchoro huo utatusaidia kuelewa somo letu.

Somo letu la leo ni mali. Mtu akiulizwa, "Una mali gani?" hujibu upesi: nina shamba, nina nyumba, nina mbuzi wanne. Jibu hilo ni rahisi. Lakini yako maswali mengine yaliyo magumu zaidi. Ni nani anayeujua mpaka wa shamba lako? Nani alikugawia? Nani katika jamaa yako amenyimwa fungu? Na yule mzee anayeyajua mambo hayo yote akifariki, itakuwaje?

Watu wa kila nchi wamejiuliza maswali hayo. Leo tutasafiri mpaka kijiji kimoja kilicho juu ya milima, mbali sana na kwetu, tukaone wenyeji wake wameyajibu namna gani. Kijiji hicho kinaitwa Wae Rebo. Katika lugha ya wenyeji, neno "wae" maana yake ni maji.

Wae Rebo iko katika nchi ya Indonesia. Indonesia ni nchi ya visiwa, tena visiwa vingi, zaidi ya 17,000. Ilitangaza uhuru wake tarehe 17 Agosti mwaka 1945, baada ya kutawaliwa na Waholanzi kwa miaka mingi, na Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msidhani kwamba nchi hiyo haituhusu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, na Maluku ni sehemu ya Indonesia. Hata lugha yao ina maneno mtakayoyatambua. Wao wakitaka kusema "habari" husema "kabar". Dunia huiita "dunia", kama sisi. Karatasi ni "kertas", meza ni "meja", na bendera ni "bendera". Sababu yake ni kwamba Waarabu na Wareno walifanya biashara huko na huku, wakaacha maneno yao pande zote mbili za bahari. Liko neno jingine, "adat", ambalo ni ndugu wa neno letu "ada", yaani desturi. Shikeni neno hilo, maana tutalihitaji.

Kati ya visiwa hivyo kipo kimoja kiitwacho Flores. Ni kisiwa chembamba na kirefu, kilomita 350 hivi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Jina lake walilitoa Wareno, na maana yake ni maua. Kina milima mingi, na baadhi yake ni milima ya moto. Watu wake wengi ni Wakristo Wakatoliki, nao hufuata pia ada za wazee wao. Upande wa magharibi wa kisiwa wanakaa watu waitwao Wamanggarai. Hao ndio tunaokwenda kuwatembelea.

Haya, tuanze safari.

Tunashuka katika mji wa Labuan Bajo, bandari iliyo ncha ya magharibi ya Flores. Mji huu wageni wengi wanaujua, kwa sababu ndiko wanakopandia mashua kwenda kuwatazama wale kenge wakubwa wa kisiwa cha Komodo. Sisi hatuendi Komodo. Tunapanda gari, tunapita barabara ya kona nyingi milimani, halafu tunateremka upande wa kusini mpaka pwani, pahali paitwapo Dintor. Kisha tunapanda tena mpaka kijiji cha Denge. Hapo gari husimama, kwa maana barabara ya gari haifiki Wae Rebo.

Kutoka Denge mpaka Wae Rebo ni kilomita 9 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni ya kupanda. Zamani watu walitembea mwendo wote huo kwa miguu, saa tatu au nne, na mgeni asiyezoea alichukua muda zaidi. Siku hizi pikipiki hufika mpaka mtoni, kwenye mto wa Wae Lomba, ila kutoka hapo lazima mtu atembee. Njia hupita katika msitu mzito wenye ukungu. Mvua ikinyesha udongo huteleza, na ruba hupanda miguuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka Wae Rebo sharti atoke jasho.

Lakini tuwafikirie wenyeji. Mgeni hupanda mara moja, akarudi kwao akajisifu. Mwenyeji hupanda na kushuka mwaka mzima. Hushuka na gunia la kahawa begani, maana kahawa ndilo zao lao la kuuza. Hupanda tena na mchele, chumvi na vitu vya dukani. Mgonjwa asiyeweza kutembea huchukuliwa na wenziwe kwa machela. Na watoto, kwa miaka mingi, imewalazimu kushuka chini kusoma shule, wakae huko na jamaa zao, na kurudi kwa wazazi wakati wa mapumziko. Kwa hiyo tukisema kijiji kiko mbali, tukumbuke kwamba umbali huo una gharama, na wanaoilipa ni wenyeji.

Tunakaribia. Kabla hatujaingia kijijini tunakuta banda dogo, na ndani yake mna kipande cha mwanzi cha kugonga. Anayemwongoza mgeni hukigonga, ili watu wa kijijini wajue kwamba mgeni anakuja. Ni kama sisi tunavyopiga hodi. Tukishafika hatupigi picha, wala hatutembei ovyo. Twapelekwa kwanza katika nyumba kubwa, na mzee hutupokea. Kwa lugha yake huwaeleza wahenga kwamba wageni wamefika, na huomba wakae salama na warudi kwao salama. Hayo yakiisha, mgeni si mgeni tena. Huletewa kahawa ya moto, iliyotoka katika mashamba ya pale pale, na kwa baridi ile huipokea kwa mikono miwili.

Sasa tutazame kijiji. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na milima imetuzunguka pande zote. Katikati pana uwanja wa majani, na katikati ya uwanja pana jukwaa la mawe lenye umbo la duara, ambapo hufanywa ibada za kijiji. Kuuzunguka uwanja huo zimesimama nyumba 7, wala si zaidi. Kila nyumba ni duara, na paa lake limechongoka juu na kushuka mpaka karibu na ardhi, hata huoni ukuta. Nyumba za namna hiyo huitwa "mbaru niang". Ile kubwa urefu wake hufika mita 15 hivi.

Nyumba hizo hazikupigiliwa misumari. Miti yake imefungwa kwa henzirani, nalo paa limeezekwa kwa nyasi na nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi. Ndani mna meko, na moto huwaka kila siku. Mgeni hulalamika juu ya moshi, lakini moshi huo una kazi. Hukausha nyasi na miti, na kufukuza wadudu, ili nyumba idumu.

Ndani ya nyumba mna sakafu tano, moja juu ya nyingine. Ya chini ni ya watu kukaa, kupika na kulala. Ya pili ni ya kuwekea chakula na vyombo. Ya tatu ni ya mbegu. Ya nne ni ya akiba ya chakula, kwa ajili ya mwaka wa ukame. Ya tano, kule juu kabisa, ni ya sadaka za wahenga. Tazameni mpango huo, wasikilizaji. Chakula cha leo kiko karibu na mkono. Mbegu ya kesho iko juu kidogo. Akiba ya siku ya shida iko juu zaidi, ili mtu asiifikie kwa urahisi kila asikiapo njaa kidogo. Nyumba yenyewe inawafundisha watu kuweka akiba.

Je, ni watu wangapi wanaokaa humo? Nyumba kubwa ina jamaa 8. Nyumba sita zilizobaki, kila moja ina jamaa 6. Fanyeni hesabu kwenye ubao: mara sita sita ni 36, ongeza 8, jumla ni 44. Basi pana nafasi kwa jamaa 44 tu. Jamaa zilipozidi, watu wengine walihamia chini, katika kijiji cha Kombo. Hao hawakutupwa. Wamebaki kuwa watu wa Wae Rebo, na mwezi wa Novemba, kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa kilimo iitwayo Penti, ndugu walio mbali hurudi. Hutoa shukrani kwa mavuno, ngoma hupigwa, na wanaume hucheza mchezo wa mijeledi na ngao.

Nyumba ile kubwa huitwa nyumba ya ngoma, kwa sababu ngoma na vyombo vingine vya urithi vya kijiji vimehifadhiwa humo. Ngoma hizo si mali ya mtu mmoja, wala mtu hawezi kuziuza. Ni za wote, nao waliohai sasa ni watunzaji tu.

Hapa ndipo tunapofikia habari ya ardhi. Wamanggarai wana msemo mmoja mfupi: "Gendang one, lingko pe'ang." Neno "gendang" ni ngoma, na "one" ni ndani. "Lingko" ni mashamba ya kijiji, na "pe'ang" ni nje. Basi maana yake ni hii: ngoma ndani, mashamba nje. Yaani penye nyumba ya ngoma pana mashamba yake, na penye mashamba pana nyumba ya ngoma yenye kuyasimamia. Kijiji bila mashamba si kijiji. Na shamba bila jamaa ni pori tu.

Sasa shikeni ubao na chaki. Tutachora lingko moja, kama zinavyogawiwa katika nchi ya Wamanggarai.

Chora duara kubwa. Weka nukta katikati. Katika shamba la kweli, pale kwenye nukta hupigwa mti. Mahali hapo huitwa "lodok". Msimamizi wa ardhi, mzee aitwaye "tu'a teno", ndiye anayegawa. Naye hapimi kwa kamba wala kwa hatua. Hupima kwa vidole. Katikati ya shamba, kuuzunguka ule mti, kila jamaa hupewa upana wa kidole kimoja, au viwili, au zaidi. Fungu hilo huitwa "moso", na neno hilo maana yake ni kidole.

Weka kidole chako karibu na nukta. Tia alama upande huu na upande huu wa kidole. Sasa kutoka kila alama piga mstari ulionyoka mpaka ukingo wa duara. Fanya hivyo tena na tena kuzunguka nukta yote. Ukimaliza, utaona nini? Utaona utando wa buibui. Nasema buibui yule mdudu, akina mama, si lile vazi letu! Karibu na mji wa Ruteng, pahali paitwapo Cancar, mtu akipanda kilima anaweza kuyaona mashamba ya mpunga ya namna hiyo chini yake bondeni, kama tando kubwa zilizotandikwa juu ya nchi.

Kwa nini waligawa hivyo? Tazameni ubao. Mafungu yote yanaanzia pahali pamoja. Mtu akisimama pale katikati anaiona mipaka yote kwa mara moja. Mpaka umenyoka kutoka mtini hadi ukingoni, kwa hiyo anayeusogeza huonekana. Tena kidole ni kidogo, lakini fungu hupanuka kadiri linavyokwenda nje. Kidole kimoja pale katikati ni hatua nyingi kule ukingoni. Na kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na lingko kadhaa, jamaa moja iliweza kupata kidole chake hapa na kidole kingine kule. Udongo ukiwa mbaya huku, huenda ukawa mzuri kule.

Msidhani kwamba mafungu yote yalikuwa sawa. Wakuu wa kijiji na wa ukoo walipata vidole zaidi, na wengine walipata kwa kadiri ya jamaa zao. Lakini ugawaji ulifanywa mbele ya watu wote. Kwa lingko kubwa za kijiji nyati alichinjwa, watu wakala pamoja, na kila aliyekula akawa shahidi. Sisi tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Wao wangeweza kusema kidole kimoja hakifanyi shamba, maana fungu la mtu mmoja halina maana bila mafungu ya jirani zake.

Hapo zamani kilimo chao kilikuwa cha kuhama. Walilima lingko moja miaka michache, wakaiacha ipumzike, wakafungua nyingine na kugawa upya. Katika karne ya 20 mambo yalibadilika. Kilimo cha mpunga wa maji kilienea, na shamba la maji halihamishwi. Mafungu yakakaa pale pale, baba akamrithisha mwana. Na hapa shida moja ikaonekana. Tazameni mchoro wenu tena. Chukueni fungu moja, mligawe kwa watoto watatu. Kule ukingoni bado pana nafasi. Pale katikati pamebaki uzi tu. Kila kizazi kinachogawa huacha vipande vyembamba zaidi. Desturi iliyokuwa nzuri kwa watu wachache wenye ardhi nyingi huleta taabu watu wanapozidi. Hapo hakuna wa kulaumiwa; ni hesabu tu.

Lakini iko shida nyingine, na hiyo si ya hesabu. Nataka tuiangalie bila kuificha.

Mnakumbuka yale maneno mawili, "one" na "pe'ang", ndani na nje? Kwa desturi ya Wamanggarai, mtoto akizaliwa huulizwa: ni mtu wa ndani, au ni mtu wa nje? Mtu wa ndani ni mtoto wa kiume. Mtu wa nje ni mtoto wa kike. Kwa nini? Kwa sababu binti ataolewa, mahari yatatolewa, naye atakwenda kukaa kwa watu wa mumewe. Kwa hiyo vidole vya shamba huenda kwa wana wa kiume. Binti hula mazao ya shamba la baba yake angali mtoto, na akiwa mke hulima shamba la mume. Je, akifiwa na mume, au akiachwa, ana kidole gani cha kusema ni chake? Kwa desturi ile ya zamani, hutegemea huruma ya kaka zake.

Pengine katika darasa lenu mzee mmoja anasema, "Hata kwetu ndivyo ilivyo." Na pengine mama mmoja amenyamaza tu. Basi sikilizeni sheria ya Indonesia inasemaje. Mwaka 1960 nchi ile ilipitisha sheria kuu ya ardhi. Sheria hiyo inazitambua ada za wenyeji, mradi zisipingane na faida ya taifa na sheria za nchi. Na sheria hiyo hiyo inasema kwamba kila raia, mwanamume au mwanamke, ana nafasi iliyo sawa ya kupata haki ya ardhi. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya nchi ilihukumu kesi iliyotoka kwa watu wa Karo, katika kisiwa cha Sumatra, ambao nao kwa desturi walikuwa wakirithisha wana wa kiume tu. Mahakama ilisema binti naye ana haki ya kurithi mali ya baba yake pamoja na ndugu zake wa kiume.

Sheria ilisema hivyo zaidi ya miaka 60 iliyopita. Lakini sheria iliyo katika kitabu mjini haipandi mlima yenyewe. Lazima mtu aisome, aielewe, aipeleke nyumbani, na aizungumze na wazee wake kwa heshima na bila woga. Jamaa nyingi hupenda kuamua mambo yao nyumbani kuliko kupelekana mahakamani, na hilo si kosa. Kosa ni kuamua huku mmoja wa wanaohusika hajui kwamba ana haki.

Basi, je, tuseme ada zote ni mbaya, zitupwe? Hapana. Sikilizeni habari ya mwisho kutoka Wae Rebo.

Niliwaambia kwamba nyumba ni 7. Lakini kuna wakati hazikuwa 7. Mwaka 2008 msanifu wa majengo kutoka mji wa Jakarta, Yori Antar, alifika huko na wenzake. Walikuta zimebaki nyumba 4 tu za duara. Nyingine zilikuwa zimeoza na kuanguka. Kujenga nyumba moja huhitaji miti mingi ya msituni, henzirani nyingi, mikono mingi na siku nyingi. Tena kulikuwa na hatari kubwa kuliko ukosefu wa miti. Namna ya kujenga ilikuwa katika vichwa na mikono ya wazee. Haikuandikwa popote. Vijana hawakuwa wamepata nafasi ya kujenga nyumba kama hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama wale wazee wangefariki kwanza, ujuzi nao ungezikwa pamoja nao, na hakuna fedha ambazo zingeweza kuununua tena.

Watu wa kijiji wakakubaliana wajenge. Marafiki wa mjini walisaidia kutafuta fedha, lakini mafundi walikuwa wenyeji wenyewe. Wazee walionyesha, vijana wakashika kazi, na wanafunzi wa usanifu waliofika kutoka mjini wakapima, wakachora na kuandika. Kazi ikaendelea mpaka nyumba zote 7 zikasimama tena kuuzunguka uwanja. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliipa kazi hiyo tuzo ya juu kabisa katika mashindano yake ya kuhifadhi urithi katika nchi za Asia na Pasifiki.

Tangu hapo wageni wamezidi. Hulipa ada, hulala kwenye mikeka katika nyumba ya wageni, hununua kahawa, na nguo zinazofumwa na wanawake wa kijiji. Fedha hizo zinasaidia, lakini zinaleta maswali mapya. Nani agawe? Nani aandike hesabu? Mgeni akipiga picha ya nyumba, picha ni mali ya nani? Hapo tu'a teno na vidole vyake hatoshi. Panahitajika daftari.

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani Wae Rebo inatuonyesha ukweli wa maneno hayo kwa namna tatu. Kwanza, mpaka wa shamba uliojulikana kwa mashahidi ulikuwa imara maadamu mashahidi walikuwa hai. Pili, haki ya binti ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1960, lakini haimfai asiyeweza kuisoma. Tatu, ujuzi wa wazee uliokolewa kwa sababu mikono ya vijana na kalamu za wanafunzi zilifika kabla ya kaburi.

Basi nyinyi mnaojifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima, msione haya hata kidogo. Nyinyi mna kitu ambacho mtoto wa shule hana. Mnajua mipaka. Mnajua nani alipanda mwembe ule, na shamba lile lilitoka kwa nani. Mnajua dawa, mbegu na ufundi. Mtoto ana kalamu lakini hana habari hizo. Nyinyi mna habari, na sasa mnapata kalamu. Viwili hivyo vikikutana katika mkono mmoja, mali haipotei.

Kabla hatujaagana, nawapeni kazi ndogo ya nyumbani. Chukua karatasi, chora shamba la jamaa yako kama ulivyochora lingko leo. Andika jina la kila jirani kwenye mpaka wake. Kisha muulize mzee mmoja: shamba hili lilipatikanaje? Andika jibu lake hata kama ni sentensi mbili tu, na tarehe ya siku hiyo. Na mkiwa nyumbani, semeni pia jina la kila mtoto, wa kike na wa kiume, mtazame ni nani aliyesahauliwa.

Maswali ya kuzungumza darasani ni haya:

1. Kwa nini Wae Rebo ina nafasi ya jamaa 44 tu? Waliozidi walikwenda wapi?

2. Sakafu ya nne katika nyumba ni ya kazi gani? Wewe huweka wapi akiba yako ya mwaka wa shida?

3. Ugawaji wa shamba kwa vidole una faida gani? Una upungufu gani watu wanapozidi?

4. Wamanggarai humwita binti "mtu wa nje". Sheria ya mwaka 1960 inasemaje? Nyumbani kwenu mambo yakoje?

5. Taja ujuzi mmoja ambao wazee wa pahali penu wanao na haujaandikwa. Nani atauandika?

Jibuni maswali kwa upole, kila mtu apewe zamu yake, na anayejua zaidi amsaidie mwenziwe.